Dakika za Salamu

Siku tulipomzika Mama Holo, kule Katoro, mwendesha ratiba alinifuata pale nilipokaa na kina mama akaniambia nitasema kwa niaba ya "watoto aliowalea," na kwamba nimepewa dakika tatu. Akanionyesha na vidole vitatu, asije akawa anazungumza na kiziwi. Wasemaji walikuwa wengi: kanisa, majirani, kikundi cha kuzikana, upande wa ukoo, na wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Geita. Nikamwambia sawa. Mwalimu Kulwa, mume wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jeneza, kofia mapajani, na nilipomtazama nikakumbuka kwamba hakuna mtu aliyewahi kunipimia dakika kama yeye. Mwaka mzima nilikaa mbele ya saa yake. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, muuguzi wa zahanati, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kufaulu karatasi ya kuandika kwenye mtihani wa Kiingereza.

Niseme kwa nini niliutaka hivyo, maana wengi wakisikia mtihani wa Kiingereza wanafikiri mtu ana hamu ya kupanda ndege. Chuo kimoja cha ukunga ng'ambo kilikuwa kimenikubali kwa sharti la mtihani ule. Nafasi yangu ingeshikiliwa hadi mwaka uishe, kisha angepewa mwingine. Na mwaka ule kulikuwa na mtihani mmoja tu, Mwanza, ambao majibu yake yangewahi. Kusoma, kusikiliza na kuongea sikuwa na wasiwasi navyo. Kuandika kwa saa ndiko kulikokuwa kunanishinda. Msimu wa mvua uliotangulia, mama mmoja wa mimba ya kwanza alinifia mikononi pale zahanati, gari la kumpeleka hospitali likiwa limekwama kwenye tope, nami nikiwa nimeshafanya yote niliyofundishwa. Baada ya hapo nilibaki nimesimama tu, mikono imening'inia. Niliogopa kusimama vile mara ya pili. Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Mwalimu Kulwa, ambaye alikuwa amestaafu kufundisha sekondari na alisifika kwa ukali.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko. Walinipa chumba cha uani, cha bati, chenye dirisha linalotazama mahali Mama Holo alipoanika michembe. Mpaka leo nikinusa viazi vilivyokatwa vikikauka juani, naona ile sebule: viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo visivyotumika, ukuta mmoja uliopakwa rangi nyeusi uwe ubao, na juu ya meza saa nyekundu ya kengele yenye masikio mawili ya chuma. Karatasi ya kuandika ilikuwa ya saa moja, ina kazi mbili. Dakika ishirini za barua, dakika arobaini za insha. Mwalimu alikuwa anageuza saa initazame, anasema "Anza," kisha anakaa kimya akinitazama kama mtu anayengojea maji yachemke. Muda ukiisha, kengele inapiga, naye anasema, "Kalamu chini!" Ukiwa katikati ya sentensi, kalamu chini. Ukiwa katikati ya neno, kalamu chini.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kulalamika. Umenunua jokofu, limeharibika baada ya wiki, mwandikie meneja wa duka. Kiingereza changu hakikuwa kibaya, na niliandika haraka. Nilimwuliza meneja hali yake. Nikamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi dukani. Nikamjulisha kwamba huku kwetu sote wazima na mvua imeanza vizuri, isipokuwa upande wa Kishapu ambako bado wanaitazamia. Nikamwombea afya. Kengele ikalia. Mwalimu akachukua karatasi, akasoma mbele, akageuza nyuma, akarudi mbele.

"Minza," akasema, "jokofu liko wapi?"

"Nilikuwa naelekea huko, Mwalimu."

"Ulikuwa unaelekea huko! Huyu meneja ni shemeji yako?"

Kabla sijajibu, sauti ya Mama Holo ilitokea nyuma ya pazia la jikoni. "Sasa ulitaka amwambieje mtu jokofu bovu hata hajamjulia hali? Meneja mwenyewe atamsaidia huyo? Mimi nisingemsaidia."

"Mama Holo, huu ni mtihani."

"Kwani mtihani hausalimiwi?"

Nilicheka, Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu akakata mistari yote, toka hali ya meneja mpaka mvua ya Kishapu, ikabaki "Dear Sir" peke yake juu ya ukurasa, inatia huruma. Na hakuna aliyekuwa amekosea pale. Sisi Wasukuma hatuingii kwenye jambo mlango ukiwa haujabishwa. Mtu akija kukuambia ng'ombe wako wamo shambani mwake wanamaliza mahindi, ataanza na salamu, utajibu, ataulizia watoto, utajibu, ndipo atasema, "Sasa hao ng'ombe." Anayeanza na ng'ombe ametangaza vita. Nilikuwa nimelelewa hivyo, na mkono wangu ulikuwa umelelewa hivyo vilevile.

Insha nayo ilikuwa na shida yake. Swali lilikuwa linaanza kwa kusema watu fulani wanaamini hivi, wewe unakubali kwa kiasi gani? Mimi nilikuwa naandika kama mtu aliyesimama kwenye kikao cha ukoo. Kwanza nawashukuru waliotangulia kusema. Kisha naonyesha walivyosema vizuri. Kisha narudia walivyosema, wasije wakadhani sikusikia. Nikifika mahali pa kuwapinga, kengele inalia. Mara moja nilimwuliza Mwalimu hao watu fulani ni akina nani, ni wazee au vijana, maana ningejua namna ya kuwapinga. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Hawapo," akasema. "Hao watu hawapo, Minza. Wapinge bila wasiwasi." Leo nakiri alikuwa na subira kuliko sifa zake.

Lakini adui mkubwa hakuwa kwenye karatasi. Adui alikuwa mlangoni. Nyumba ya Mama Holo ilikuwa kituo. Ndugu wakija hospitali walifikia pale, waliokuja mnadani walitua mizigo pale, na wachimbaji wa kutoka kwao walipitia kuomba maji. Kila aliyeingia alikuta binti amekaa sebuleni. Binti wa Kisukuma hakai na kalamu mkononi mzee anapoingia. Nilikuwa nainuka, napiga goti, tunaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Ng'wana nani wewe?"

Na hapo ndipo dakika zilipokwenda, kwa sababu ukishaulizwa wewe ni mtoto wa nani lazima utaje baba, na babu, na wanakotoka, mpaka mgeni apate mahali anapokujua. Wakati wote huo saa nyekundu inatembea. Mwalimu hakuisimamisha hata siku moja. Nikirudi kwenye kiti nakuta dakika saba zimeliwa, na wazo nililokuwa nalo limeondoka na mgeni.

Siku moja ya mnada walikuja wageni mara tatu ndani ya insha moja. Kengele ilipolia nilikuwa na aya mbili tu. Nikalaza kichwa mezani nikalia, kilio cha hasira. Mama Holo akatoka jikoni na mwiko mkononi, unga bado umeushika.

"Mwongezee mtoto wa watu dakika kidogo," akamwambia mumewe. "Si umeona mwenyewe alivyokuwa anasalimia?"

"Mtihani hauongezewi muda."

"Mtihani hauna mama, ndiyo maana."

"Mama Holo, nikimwongezea hapa, kule nani atamwongezea?"

"Basi wewe ndiye ungekaa mlangoni upokee wageni wako, badala ya kumtazama machoni kama mganga!"

Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, bila mtu kusema neno, na kwenye nyumba ile kimya kilikuwa kitu kigeni kama theluji. Nilipokuwa nakosha vyombo niliwasikia wanaendelea chumbani. Mama Holo alikuwa anasema binti ataharibiwa, atarudi kutoka huko anapita watu kama gari. Mwalimu alikuwa anasema binti anataka kuzuia kina mama wasife, na kama gharama yake ni kuwapita wageni, awapite. Kisha Mama Holo akasema taratibu, "Basi mtafutie mahali ambapo hakuna wa kumsalimia. Hapa nyumbani kwangu hatapita mtu." Nilisimama na sahani mkononi nikiona kwamba wote wawili wananipenda, na kwamba hawawezi kunipenda kwa namna moja.

Mahali pasipo na salamu Katoro palikuwa mahali pamoja tu, napo ni kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pacha wa Mwalimu, Dotto, alikuwa nalo moja pembeni ya mji. Lile karasha lilikuwa pipa kubwa la chuma linalozunguka likiwa na gololi za chuma tumboni, na viroba vya mawe vikishamiminwa humo na injini kuwashwa, hata radi ikipiga huisikii. Watu walisalimiana kwa kuinua mkono, basi. Mzee akipita anainua mkono, na wewe unainua mkono, hakuna goti wala mtoto wa nani. Dotto alitupa kibanda cha kuwekea vipuri, chenye meza ya mbao iliyolowa grisi, na Mwalimu akaja na saa yake, ingawa kengele haikusikika. Muda ukiisha alikuwa anapiga meza kwa kiganja, nami nauona muda kwa macho na kuusikia kwa viwiko.

Hapo ndipo nilipojifunza kuandika. Nitoke kazini mchana, nile kwa Mama Holo, kisha niende kwenye karasha na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Nilianza kulijua pipa lile. Mawe yakiwa bado makubwa lilikuwa linagongagonga, na hapo nilikuwa napanga mawazo. Yakianza kusagika mlio ulikuwa unashuka, nami niko katikati ya insha. Yakishakuwa unga, gololi zilibaki zinagongana zenyewe kwa zenyewe, mlio mkavu, na mkono wangu ulikuwa unaanza kufunga hoja bila kuangalia saa. Barua zikawa fupi. Jokofu likahamia sentensi ya kwanza. Wale watu fulani niliwapinga kwenye aya ya pili, bila kuwashukuru. Mwalimu alikuwa anakata kidogo zaidi kila wiki, na siku ambayo hakukata chochote alikunja karatasi akaitia mfukoni. Tulipofika nyumbani akampa mkewe. Mama Holo hakujua Kiingereza. Aliigeuzageuza, akauliza, "Na salamu je?" Mwalimu akamwambia ipo sentensi moja, na hiyo ni kwa barua ya rafiki tu. "Moja!" akasema Mama Holo. "Gashi! Kumbe ni kama chumvi ya mgonjwa." Hata hivyo aliichomeka kwenye kioo cha kabati, na wageni wote waliofuata walionyeshwa.

Ninafundisha wakunga Shinyanga sasa, na vijana wangu wananiuliza mtihani ule ulikuwaje. Nawaambia ulikuwa kimya. Hakuna aliyeniandaa kwa kimya. Ukumbi ule Mwanza ulikuwa na kapeti na feni isiyolia, na tulipoambiwa tuanze nilikaa nikingojea pipa ligonge. Barua ilinitaka nimwandikie mama wa familia niliyokaa kwake wakati wa masomo, nimshukuru, na nimweleze kitu nilichosahau nyumbani kwake. Nikatabasamu peke yangu. Mwalimu aliniruhusu sentensi moja ya salamu, nikaandika mbili. Moja ilikuwa ya kwake Mwalimu, ya pili nilimwibia.

Tulipokuwa katikati ya insha, msimamizi mmoja akaja upande wangu kukagua vitambulisho. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mvi kichwa kizima, na alisimama mbele ya meza yangu akanitazama kuona kama sura yangu na picha vinafanana. Mimi nilichokiona ni mzee aliyenijia akanisimamia. Sikufikiri. Kiti kilirudi nyuma, magoti yakakunjika, na katika kimya kile cha kapeti nikasikia sauti yangu: "Shikamoo, baba."

"Marahaba!" akajibu, kwa sauti kamili, maana naye alikuwa mtoto wa watu. Kisha akashtuka, akaweka kidole mdomoni, sijui ananinyamazisha mimi au yeye mwenyewe. Watu wakageuka. Mmoja akacheka puani. Nikakaa, uso unawaka, na nilipotazama karatasi sikujua nilikuwa napinga nini. Niliogopa kweli. Nikamwona yule mama wa mimba ya kwanza, nikaiona nafasi yangu inapewa mtu mwingine, yote kwa sababu ya goti. Nikafumba macho nikalisikiliza karasha kichwani. Lilikuwa limeshafika kwenye mlio mkavu. Basi nikajua sina muda wa aya nyingine, nikafunga hoja kwa sentensi nne zilizonyooka, na nilipoweka nukta ya mwisho wakasema kalamu chini.

Majibu yalikuja. Kwenye kuandika nilipata alama ileile chuo kiliyoitaka, bila hata nusu ya ziada. Mama Holo alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na maji wakidhani nyumba inaungua. Mwalimu alisoma karatasi ya majibu akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Ungepunguza salamu ungepata zaidi." Kisha akaingia chumbani akakaa huko muda, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Nilikwenda, nikasoma, nikafanya kazi huko miaka kadhaa. Huko watu ni wema kwa namna yao, ila wanaanza na jokofu. Nilizoea. Siku moja nilimpigia simu Mama Holo baada ya kusikia presha imempanda, na alipopokea nikamwuliza kama amemeza dawa za asubuhi. "Minza," akasema, "hata mhola?" Hakuwa amekasirika, ilikuwa sauti ya mtu anayekuita urudi ndani kwa sababu mvua inakuja. Nikaanza upya: mwangaluka, mama. Tukaenda hivyo, Holo na watoto wake, michembe, mvua, majirani, mpaka salio langu likakaribia kukata, na ndipo yeye mwenyewe akasema, "Haya, hizo dawa sasa. Nimemeza." Nadhani uamuzi wa kurudi niliufanya siku ile, ingawa nilichukua muda kuujua. Wodini kwangu mwanafunzi akiingia na glovu mkononi kabla ya kumwamkia mama aliyelala kitandani, namrudisha mlangoni aanze upya. Wananiona mkorofi. Lakini mama aliyesalimiwa anakuambia mapema kwamba mtoto hachezi tumboni, na yule ambaye hakusalimiwa anakaa nalo moyoni mpaka muda umekwisha.

Jina langu lilipotajwa pale msibani nilisimama mbele ya jeneza. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, mwanzo, kati na mwisho, kwa dakika tatu, kama nilivyofundishwa. Nikatazama watu wakijaa mpaka barabarani, wengi wao wale wale waliokuwa wakinikatiza insha, sasa wamezeeka, na yale maneno yakaniishia. Nikapiga goti. Nikawaamkia wazee wa ukoo kwa Kisukuma, wakaitika kwa pamoja. Nikawaamkia wakwe, nikawaamkia kina mama wa kikundi cha kuzikana, nikawaulizia waliobaki nyumbani na wagonjwa. Nikawaulizia watu wa Kishapu kama mvua imefika, wakasema imefika. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Ng'wana nani huyu?" Nikawa najibu: baba, babu, tunakotoka, na nilipomaliza hao nikasema, na wa Mama Holo.

Mwendesha ratiba alikuwa ameshasimama, kidole juu ya saa ya mkononi. Jokofu bado lilikuwa mbali. Nilimtazama Mwalimu Kulwa kwenye kiti chake cha plastiki, kwa mazoea, nikingoja aseme kalamu chini. Alinyanyua mkono taratibu, ule ule uliokuwa ukipiga meza, akamwashiria mwendesha ratiba akae.

"Mwongezee," akasema. "Bado anasalimia."